Dole la Bi Tatu

Daftari ninalo. Limo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu hapa Kilindoni, limefungwa kwa kitambaa, na atakayebisha aje mchana nimfungulie aone kwa macho yake. Nasema hivi mapema kwa sababu nawajua watu. Ukimwambia mtu umekutana na marehemu, swali lake la kwanza ni ulikuwa umekunywa nini. Mimi sinywi. Nimeimba kwaya tangu nina miaka kumi na miwili, na divai pekee niliyowahi kuionja ni ile ya kanisani. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka mpaka joto la mchanga linapenya soli za viatu. Kama umezoea visa vya usiku wa manane na paka weusi, basi hiki ni kingine kabisa.

Mimi ni nesi mstaafu, mtu wa Njombe. Serikali ilinileta Mafia nikiwa msichana, nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa kusini, na usiku wa kwanza nililia mpaka jirani akasikia. Jirani huyo alikuwa Bi Tatu. Asubuhi akanibishia hodi, ameshika bakuli la pweza wa nazi. Mimi pweza nilikuwa sijawahi kumwona hata kwenye picha. Nilipofunua bakuli nikaona ile mikono yenye vikombe vikombe, nikaanza kulia upya. Bi Tatu alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti.

"Mwanangu," akasema, "huyu ameshakufa, hakufanyi kitu. Kula."

Nikala. Tangu siku ile nikawa na mama kisiwani.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mtafuna tambuu, na dole gumba lake la kulia lilikuwa na kovu tangu ujana, alipojikata kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kovu lilishuka kutoka ncha mpaka kwenye kiungo, likaligawa dole pande mbili. Aliishi na mwanawe Abdu na mke wa Abdu, jina lake Mwajuma. Binti yake mkubwa, Hadija, aliolewa Miburani, hapa hapa kisiwani, kwenye nyumba ya bati na sakafu ya saruji, na kila akija alitaka kumchukua mama yake. Bi Tatu alikuwa hataki kusikia. Alisema akienda kwa Hadija atakalishwa kwenye kiti kama mgeni, na yeye mgeni wa mwanawe hataki kuwa.

Ukweli wenyewe ni kwamba alikuwa hawezi kuachana na Mwajuma. Ndoa ya Mwajuma ilikuwa na miaka sita bila mtoto, na unajua wanawake wa namna hiyo wanavyosemwa. Bi Tatu hakuwahi kumsema. Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza, maboya yamewekwa, na kina mama wengi walikuwa wameacha kuchokoa pweza wakahamia kwenye kilimo cha mwani. Mama mkwe na mkwewe walikuwa wakifunga mwani kwenye kamba moja, huyu anaanzia ncha hii, yule ncha ile, mpaka wakutane katikati. Wakikutana wanacheka. Nilikuwa nawasikia nikiwa zahanati, na niamini, kuna siku nilikuwa nawaonea wivu.

Sasa sikiliza kosa langu, maana yote yalitokana na hilo.

Jumapili moja nilikuwa nafungasha mzigo niende Dar es Salaam kwenye semina. Bi Tatu akaja nyumbani kwangu. Mdomo ulikuwa na vidonda, hawezi kula. Nikamtazama ulimi, una utando mweupe. Nikamshika mkono nimpime mapigo ya moyo: yanakwenda, yanasita, yanakwenda tena. Miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mimi nimesomea, nilijua ninachokiona.

"Bibi, kesho uende hospitali."

"Siendi."

"Basi nikuandike kwenye daftari la zahanati, msaidizi wangu akutazame mpaka nirudi."

Akanikamata mkono. "Usiniandike! Msaidizi wako ni shemeji yake Hadija, na yule hana kifua. Hadija akisikia atakuja na gari anichukue. Mie siumwi, mwanangu. Nimechoka tu. Nipake dawa nipate kunywa uji, basi."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilimpenda yule mama. Nikatoa jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka, nikampaka midomo na ulimi, nikamkataza chumvi. Akajitazama kwenye kioo changu, akasema amekuwa bibi harusi. Tukacheka. Akaenda zake taratibu akijishika kiuno, nami nikafunga mlango nikaenda zangu bandarini. Kwenye daftari la zahanati sikuandika hata nukta.

Semina yenyewe, hebu fikiria, ilikuwa ya kuandika vifo. Tulikaa kwenye ukumbi siku nyingi tukifundishwa namna ya kujaza fomu. Mkufunzi alikuwa mkali. Alisema tumezoea uvivu, mzee akifa tunaandika "uzee" tunaenda kula. Marufuku, akasema. Hakuna binadamu anayekufa kwa uzee. Kuna moyo, kuna figo, kuna mapafu, tafuteni sababu. Nikayaandika yote kwenye daftari jipya nililonunua kwa ajili hiyo, nikapiga mistari kwa rula. Mimi ni mtu wa rula.

Nilirudi Jumatano ya wiki iliyofuata. Simu zilikuwa hazijafika kijijini kwetu, kwa hiyo nilirudi sijui lolote. Gari la kubeba samaki likanishusha njia panda, nikaanza kutembea, begi moja kichwani na jingine begani lenye dawa za zahanati, zikiwemo chupa mpya za jivii. Njia ile inatokea ufukweni, kwenye chanja za kuanikia mwani. Maji yalikuwa yametoka kabisa, ule mtoko wa bamvua, bahari inapokwenda mbali kuliko siku zote, saa ambayo kwa kawaida utawakuta kina mama wote wako kwenye vigingi vyao. Siku ile hakukuwa na mtu. Nikajiuliza, leo ni sikukuu gani nimeisahau?

Halafu nikamwona Bi Tatu. Amekaa peke yake kwenye kivuli cha chanja, amejitanda nguo nyeupe mpya.

Wewe unayesoma umeshajua. Mimi sikujua. Mimi nilifurahi, nikatua mizigo.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Bahari ilikuwa mbaya, tumelala Nyamisati kungoja boti. Na wewe leo umependeza! Nyeupe hiyo, kuna harusi mnanificha?"

"Nimevishwa," akasema. "Wamenivisha vizuri, siwalaumu."

Midomo yake ilikuwa bado na zambarau. Nikasikia harufu ya kafuri, kali, nikaidhania ni ya begi langu, maana nyumba ya wageni niliyolala walikuwa wameweka dawa ya mende kila kona. Kisha nikamtazama miguu. Ilikuwa mikavu, imenyooka, vifundo vinaonekana kama vya msichana.

"Bibi, miguu imepona!"

"Imepona. Hainiumi tena hata kidogo."

Nilifurahi mno. Nikaanza kujisifu pale pale kwamba mimi ndiye niliyemkataza chumvi. Aliniacha nimalize, akinitazama kwa ule upole wake, kisha akasema, "Nimekuja uniandike."

"Si ulikataa?"

"Siku ile nilikuwa namkimbia Hadija. Leo nataka niandikwe. Toa daftari lako hilo."

Nikakaa kwenye mchanga mbele yake nikatoa daftari la semina. Nikaandika tarehe ya siku ile, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, tarehe kwanza. Jina: Tatu binti Shomari. Umri: akasema hajui, niandike mwingi. Tatizo?

"Nimechoka."

Nikamcheka. Nikamwambia, "Bibi, hilo sasa haliandikwi. Nimetoka semina juzi. Kuchoka siyo ugonjwa, na uzee siyo sababu. Lazima itafutwe sababu."

"Huyo mwalimu wako anatafuta sababu?"

"Ndiyo."

"Na huku kwetu wanatafuta mtu." Akatikisa kichwa. "Kwani kamba ya mwani ikikaa baharini si inaoza? Unaikata, unafunga mpya. Ushawahi kusikia mtu akauliza ni nani kaiozesha? Mie nimeishi, mwanangu. Nimezaa, nimezika, nimekula ngisi na pweza wa bahari hii mpaka nikashiba. Andika nimechoka mwenyewe, hakuna aliyenichosha."

Nikaandika. Akaendelea kuniandikisha, nami nikifuata neno kwa neno, maana alisema polepole kama mtu aliyekwisha kujipangia:

"Andika mdomo huu aliupaka Nesi, Jumapili, nyumbani kwake. Andika Hadija sikumwambia, kwa sababu angekuja kunichukua, na akilia mimi siwezi kumkatalia. Andika maji ya mwisho alininywesha Mwajuma, na yalikuwa matamu."

Hapo nikainua kichwa. "Maji ya mwisho gani, Bibi?"

"Wewe andika. Mistari yako inakwenda kombo."

Kweli ilikuwa imekwenda kombo. Nikatoa rula nikapiga mstari mpya. Yeye akaniambia hajui kusoma, kwa hiyo atatia dole. Sikuwa na wino wa muhuri. Nikafungua chupa ya jivii, nikaikata kwa meno ile lakiri ya kifuniko, utepe unaoonyesha chupa haijafunguliwa, nakumbuka mpaka ladha ya plastiki. Akachovya dole gumba, akaligandamiza chini ya maandishi. Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa baridi, baridi ya mtungi uliokaa kivulini, na jua lote lile.

"Nenda kwangu moja kwa moja," akasema. "Usipitie kwako kuweka mizigo."

Nikainama kufunga chupa. Nilipoinuka, hayupo.

Sikiliza, pale ni peupe. Mbele bahari imetoka mpaka kwenye maboya, nyuma njia imenyooka, na ajuza wa umri ule hawezi kukimbia akapotea kwa muda wa kufunga kifuniko. Nikaita, "Bibi! Mbio hizo umezipata wapi?" Nikatazama mchanga. Nyayo zilikuwa zangu tu, zinatoka njiani mpaka nilipokaa. Pale chini ya chanja mchanga ulikuwa laini, haujakaliwa na mtu.

Niliacha begi la nguo pale pale. Nilikimbia na begi la dawa begani na daftari mkononi, nesi mzima wa serikali, kilemba kimenianguka njiani na sikukirudia.

Nyumbani kwa Bi Tatu kulikuwa na viatu vingi mlangoni. Mwajuma alikuwa amekaa nje, pembeni ya kizingiti, furushi la nguo zake miguuni. Alikuwa amekonda. Nikamuuliza mama yuko wapi, akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Nesi, hujapata habari? Mama tulimzika Jumanne ile, siku mbili baada ya wewe kuondoka. Leo ni siku ya nane."

Akanieleza pale pale, kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa linanirudia mimi. Bi Tatu aliamka alfajiri ya Jumanne, akaomba maji, Mwajuma akamnywesha, akasema "ahsante mwanangu," akalala, basi. Hadija alifika kutoka Miburani mama yake amekwisha kukata roho. Akaingia kuosha maiti pamoja na Bi Siti, yule mama anayeosha maiti wa kike wote wa kijiji. Hadija akaona midomo ya zambarau na ulimi wa zambarau. Mama yake aliyemwacha mzima mwezi uliopita! Akamuuliza Bi Siti ameona nini. Bi Siti akajibu, "Nimeosha," akanyamaza. Watu wakamfuata kwa siku nane, akanyamaza. Wakasema angekuwa hakuona kitu si angesema?

Mwajuma alijitetea kwamba ile ni dawa ya Nesi. Wakaenda zahanati, msaidizi akafungua daftari. Jina la Bi Tatu halimo. Basi Mwajuma akawa mwongo, na aliyedanganya kuhusu dawa ndiye aliyetia sumu kwenye maji. Tasa, wakasema, ana kijicho na mama wa watu. Na asubuhi ile ukoo ulikuwa umekaa ndani ili Abdu atoe talaka, Mwajuma arudi kwao na jina hilo shingoni, tena kwao ni kisiwa hiki hiki, angekwenda wapi lisimfuate?

Umeelewa? Nilikuwa nimemnyamazia Bi Tatu kwa mapenzi, na kimya changu kilikuwa kimekaa nje na furushi.

Nikapiga hodi nikaingia bila kungoja karibu. Nikawaamkia wazee. Mzee Faki, ndugu yake Bi Tatu, ndiye aliyekuwa anaongoza kikao. Abdu amekaa pembeni ameinamisha kichwa, hasemi, na nilitamani nimtie kofi. Hadija alikuwa ukutani, macho yamevimba kwa kulia.

"Dawa ile niliipaka mimi," nikasema. "Jumapili, nyumbani kwangu. Mwajuma amesema kweli."

"Mbona haikuandikwa?" akauliza Mzee Faki.

"Mama mwenyewe alikataa. Hakutaka Hadija ajue kwamba anaumwa."

Hadija akasimama. "Mama yangu alikuwa haumwi! Nilimwacha mzima!"

"Moyo wake ulikuwa umechoka, dada. Niliupima mwenyewe."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua mama yangu anakufa ukaenda zako Dar es Salaam? Hukunitumia hata mtu?" Halafu akawageukia wenzake. "Muongo huyu! Rafiki wa huyo aliyekaa nje, amekuja kumkingia kifua. Kama ni kweli, kiko wapi cha kuonyesha?"

Wote wakanitazama. Cha kuonyesha nilikuwa nacho mkononi, na nakuapia sijawahi kuogopa vile. Nikikitoa, nitakuwa nesi mwenda wazimu anayeongea na wafu. Nikikirudisha begini, Mwajuma ataondoka. Nikamkabidhi Mzee Faki daftari.

Akavaa miwani. Akasoma kimya, midomo inacheza. Akarudi juu, akasoma tena. "Nesi, tarehe hii ni ya leo."

"Ndiyo, mzee."

"Nani amekuandikisha maneno haya?"

"Mwenyewe. Ufukweni, kwenye chanja. Nimemwacha sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavuta uradi. Kisha kutoka pembeni kabisa, upande wa wanawake, Bi Siti akanyoosha mkono akasema apewe. Yeye kusoma hajui. Alilisogeza daftari mpaka mlangoni kwenye mwanga, akalitazama lile dole la zambarau lililogawanyika pande mbili, akafuata mstari wa kovu kwa kidole.

"Mimi kazi yangu ni kuosha na kunyamaza," akasema. "Huyu nimemnyamazia kama nilivyowanyamazia wote, na nyie mkafanya kimya changu ushahidi. Mwili wake sitausema leo wala kesho. Lakini dole hili nimeliosha mimi. Nimelikunja mimi mwenyewe."

Mzee Faki akalichukua tena, na safari hii akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye maneno ya Hadija akasoma polepole: sikumwambia kwa sababu angekuja kunichukua, na akilia mimi siwezi kumkatalia. Hadija akateleza ukutani mpaka chini. Alilia kilio cha mtoto, kile kisichojali nani anatazama, akisema, "Ningekuja kukaa hapa hapa, mama. Ningelala chini. Ungeniita tu." Mimi nililia pia, maana kosa lile lilikuwa langu.

Na Mwajuma? Alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Sasa ndiyo unijibu wewe: mtu aliyeitwa mchawi siku nane, jina lake limesafishwa mbele ya ukoo mzima, angesema nini? Mimi ningewatukana mmoja mmoja. Mwajuma alinitazama mimi akauliza swali moja tu.

"Nesi, miguu yake je? Ilikuwa bado imevimba?"

"Imepona," nikamwambia. "Mikavu kabisa. Amesema haimuumi tena hata kidogo."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Ilikuwa inamsumbua usiku."

Hadija alisikia swali lile. Akainuka, akatoka mpaka kizingitini, akalibeba furushi la wifi yake akalirudisha ndani mwenyewe. Talaka haikutajwa tena. Abdu hatimaye alifungua mdomo akasema "nisamehe," na Mwajuma alimwambia aende kwanza akachote maji.

Nisikudanganye kwamba yote yaliishia kwa kukumbatiana. Hadija hakunisamehe siku ile. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, na nilistahili. Siku moja akaja zahanati na bakuli, pweza wa nazi, akaliweka mezani akasema, "Mama alisema unampenda huyu." Tukala wote wawili kwenye bakuli lile. Baadaye akamleta binti yake wa mwisho akae kwa Mwajuma, na ndiye aliyekuja kufunga mwani kwenye ncha ile ya kamba aliyokuwa akianzia Bi Tatu.

Kwenye fomu ya serikali niliandika moyo, kwa sababu moyo ulikuwa unasita kweli na mkufunzi wangu hakukosea. Ila sababu aliyoitoa mwenyewe imebaki kwenye daftari langu, na hiyo pia ni kweli. Jivii inafifia, muulize nesi yeyote, wiki chache imekwisha. Dole lile halijafifia mpaka leo. Na ile chupa niliyoikata kwa meno? Jioni ile nilipopanga dawa kabatini nilizihesabu zote, na zote zilikuwa na lakiri zake.

Tangu hapo sijawahi kumtibu mtu bila kumwandika. Nilipokuwa nachoka mchana, wagonjwa wamejaa, nikitaka kuruka mstari mmoja tu, nilikuwa nasikia harufu ya kafuri, ile anayopakwa maiti. Wenzangu walikuwa hawasikii kitu. Mimi nilikuwa nasema, "Haya Bibi, nimeona," naandika. Wala sikuogopa. Alishanifundisha kwamba aliyekufa hakufanyi kitu.

Nakuonya wewe sasa. Mzee wako akikuambia amechoka, mwamini, kisha usikae na siri yake peke yako, hata akikubembeleza vipi. Waambie wanawe. Mtie kwenye maandishi. Mimi nilinyamaza kwa kumpenda, na nusura Mwajuma alipie.

Juzi miguu yangu imeanza kuvimba. Nikajibonyeza, shimo likabaki. Usinihurumie, nimeimba vya kutosha. Nimetoa daftari, na chini ya dole la Bi Tatu nimeandika jina langu na umri, nikapiga mstari kwa rula, nikaandika nimechoka mwenyewe, hakuna aliyenichosha, kisha nikachovya dole langu kwenye jivii. Wanangu wako bara, nimeshawapigia simu wote. Aliyekuja kukaa nami Kilindoni wiki hizi ni Mwajuma, nywele zake sasa nyeupe kama zangu. Ndiye anayeninywesha maji. Ni matamu, na msije mkamuuliza kitu.